Upawa wa Idwal

Ijumaa jioni katika bonde letu huhitaji saa. Pua inatosha. Harufu ya mafuta ikishuka kutoka Ukumbi wa Wachimba Makaa, unajua Idwal Prosser ameshika upawa.

Huku Welisi majina ya ukoo ni machache, kwa hiyo kila mtu hupewa jina la pili. Jina hilo hutokana na kazi yake au kasoro yake. Kasoro ndiyo hupendwa zaidi. Mweka hazina wa ukumbi anaitwa Hopkin Kufuli. Muuguzi wa zahanati anaitwa Nesta Sindano. Na Idwal, mwenyekiti wa mfuko wa hisani wa ukumbi, anaitwa Idwal Upawa.

Mgodi ulifungwa zamani. Kilichobaki ni mfuko huo. Una fedha walizoacha wachimbaji, na nyingine hutoka kwa wafadhili wa mjini. Kazi yake ni kuwasaidia watu wa bonde. Basi, mfuko ulisaidia kwa njia ambayo kila mtu aliielewa. Ulilisha. Kila Ijumaa watu walikula chipsi, pai ya nyama, keki na soda. Bure kabisa.

Ukumbini palikuwa na desturi moja. Hakuna aliyeulizwa kama anataka kuongezwa. Sahani ikiwa wazi, Idwal anaijaza. Aliyeshiba anaigeuza sahani yake, kitako juu. Lakini ole wake aliyeigeuza mapema.

"Ee, Gwilym! Umeshafunika?" Idwal alipaza sauti Ijumaa moja. "Umekula kwa nani huko? Mkeo anajua?"

Watu walicheka. Gwilym naye akacheka, akaifunua sahani, akajaziwa.

Idwal alifika kwenye meza ya mkewe, Delyth. Idwal alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto alivaa kiatu, wa kulia alivaa ndara. Kando ya Delyth alikaa mjukuu wao, Ffion, mwenye miaka kumi. Mama yake Ffion alifanya kazi ya zamu mbali na bonde, kwa hiyo mtoto aliishi kwa babu na bibi.

"Upawa wangu haujawahi kugonga kitako cha sahani ya Prosser," Idwal alijigamba. "Sivyo, Ffion?"

"Ndiyo, Babu," alisema Ffion. Sahani yake ikajaa tena.

Alikula polepole, huku akitazama chini. Walipoondoka, alipanda ngazi za kwenda nyumbani akiwa anahema. Alisimama mara kwa mara kama bibi yake. Huyo ni mtoto wa miaka kumi.

*

Jumatatu, Nesta Sindano alikuja nyumbani kubadilisha bandeji ya Idwal. Tayari Idwal alikuwa amekatwa kidole kimoja cha mguu kwa sababu ya kisukari. Nesta alipoifungua bandeji, Delyth aliinuka akafungua dirisha.

"Idwal, hiki kidonda kipya kimetoka wapi?"

"Kidonda gani?"

"Hiki. Kisigino kizima kimeoza."

"Hakiniumi hata kidogo, Sindano. Kwa hiyo si kibaya."

"Hakiumi kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa," alisema Nesta. "Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, inaharibu mishipa. Mtu anaweza kukanyaga msumari asijue. Nilikuambia ukague miguu yako kila siku."

"Nitaionaje miguu, na tumbo limekaa mbele kama mwenyekiti wa pili?"

Hakuna aliyecheka. Nesta alikuwa ameshika simu kuita gari la wagonjwa.

Walipokuwa wakisubiri, aliwaambia jambo la pili. Wiki iliyotangulia Delyth alikuwa amempeleka Ffion zahanati, kwa sababu mtoto alikuwa anachoka sana. Majibu ya damu yalikuwa yametoka.

"Sukari yake imepanda," alisema Nesta. "Bado hajapata ugonjwa. Lakini yuko mlangoni. Akiendelea hivi, atafika ulipofika wewe, Idwal. Na atafika akiwa kijana."

Idwal alimtazama mjukuu wake, aliyekaa kando ya bibi yake. "Ffion, mbona unakula hivyo? Huwa hushibi?"

Ffion alianza kulia. "Nashiba, Babu. Nashiba kwenye sahani ya kwanza. Lakini nikifunika utanicheka mbele ya watu."

Gari la wagonjwa lilifika. Idwal alibebwa bila kutania mtu yeyote, hata dereva.

*

Walimkata mguu chini ya goti. Madaktari walisema macho nayo yameanza kuharibika, na kwamba hayatarudi kama zamani.

Alipotoka hospitali, aliitisha kikao cha mfuko. Aliingia kwa kiti cha magurudumu. Hopkin Kufuli alitaka kusema neno la pole, akaishia kusogeza viti kumpisha.

"Sema tu," alisema Idwal. "Sasa nimepungua uzito. Nesta amefurahi."

"Sijafurahi," alisema Nesta.

"Najua," alisema Idwal. "Mjukuu wangu yuko njiani kunifuata. Nimemsukuma kwa mkono huu. Nesta, tuambie la kufanya, maana sisi ndio tumeshika fedha."

"Lakini tumeshafanya mengi!" Hopkin alidakia. "Si tulimleta yule bwana wa picha za mboga? Si tulilipia mbio za afya, na fulana tukagawa?"

"Na baada ya mbio tukala nini?" aliuliza Nesta.

Hopkin alikohoa. "Chipsi."

"Hopkin, watu wa bonde hili hawanenepi kwa sababu ni wajinga au wavivu. Kila mtu anajua kabichi ni nzuri. Tazama wanavyoishi. Duka la mboga lilifungwa. Lililobaki linauza biskuti na soda. Njia ya mtoni ina giza na mashimo, hakuna mtoto anayetumwa huko. Bwawa la kuogelea limefungwa. Gesi ni ghali, watu wanaogopa kuwasha jiko. Halafu mtu anakuja na picha ya mboga, anazungumza, anaondoka. Wao wanabaki hapahapa."

"Sasa mfuko ufanye nini?" aliuliza Hopkin.

"Kwanza uache kuwaongezea mzigo. Chakula unacholipia kiwe chakula cha kujenga mwili. Maji yawe mezani, soda iondoke. Pili, mtengeneze mahali watu wanapoishi: njia iwe na taa, bwawa lifunguliwe, mboga zifike karibu. Tatu, muwaulize watu wenyewe wanataka nini kabla ya kununua kitu. Nne, msifadhili kwa siku moja tu. Mwili haubadiliki kwa siku ya fulana. Fadhilini kwa miaka. Na msimwaibishe mtu mnene. Mtu akiaibishwa hujificha, na akijificha haji zahanati."

"Mwenye kiwanda cha soda ameahidi kutupa jezi za watoto," alisema Hopkin kwa sauti ndogo. "Jina la soda litaandikwa kifuani."

"Basi mtakuwa mnazima moto kwa mkono mmoja na kumwaga mafuta kwa mwingine."

Hopkin alimgeukia Idwal. "Na desturi je? Ijumaa ni ukumbusho wa mgomo wa wachimbaji, bwana! Mwaka mzima bila mshahara, ukumbi huu ukatulisha. Leo tuwanyime watu?"

Hilo lilimgusa Idwal. Wakati wa mgomo mtoto wake alikuwa mchanga. Alilia kwa njaa mpaka sauti ikakauka. Idwal aliapa kwamba hakuna mtoto atakayetoka ukumbini na njaa tena. Aliweka mkono juu ya goti la mguu uliokatwa.

Delyth alikuwa nyuma, akipanga vikombe. Hakuwa mtu wa kusema vikaoni.

"Chipsi gani wakati wa mgomo?" aliuliza. "Nyie wanaume mna kichwa kweli? Mafuta ya kukaangia tungeyatoa wapi? Mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Tulipika kawl. Supu ya mifupa ya kondoo, na vitunguu liki, karoti na viazi kutoka kwenye bustani zenu wenyewe. Kila siku kawl, mpaka mkawa mnailalamikia. Hicho kikaango kikubwa cha chipsi mlikinunua baada ya mgodi kufungwa, mfadhili alipotoa fedha. Kibao chenye jina lake si kile pale? Kisomeni."

Wote waligeuka. Tarehe ilikuwa pale pale kwenye kibao cha shaba, nao walikuwa wakiifuta vumbi kila Ijumaa.

"Mungu wangu," alisema Idwal taratibu. "Tumekuwa tukikumbuka kikaango."

*

Mambo hayakubadilika kwa wiki moja. Ijumaa ya kwanza ya kawl, nusu ya watu hawakuja. Gwilym alikuja, akanusa, akasema, "Idwal, mgomo umerudi?" Wengine walisema Nesta amewaroga viongozi.

Mfuko haukugombana nao. Delyth na wanawake wengine walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Walitaka nini? Akina mama walitaka taa kwenye njia ya mtoni. Wazee walitaka bwawa. Vijana waliomba wafundishwe kupika chungu kimoja kwa gesi kidogo. Hakuna hata mmoja aliyetaka fulana.

Hopkin aliikataa ahadi ya jezi za soda. Ilimuuma kama kung'olewa jino. Kisha aliwaandikia wafadhili wa mjini, akaomba wachangie kwa miaka mitano, wasitoe zawadi ya mara moja. Mmoja alikataa, kwa kuwa alitaka picha gazetini kabla ya Krismasi. Mwingine alikubali.

Taa zikawekwa. Bustani za zamani zikalimwa tena, na mboga zikauzwa bei nafuu mlangoni mwa ukumbi. Bwawa lilichukua muda mrefu zaidi, lakini lilifunguliwa. Chipsi hazikupigwa marufuku. Zilipikwa siku ya sikukuu, na zikawa tamu zaidi kwa sababu ya kungojewa.

Nyumbani kwa Idwal, Ffion hakupewa chakula chake peke yake kama mgonjwa. Nesta alikataza jambo hilo. Nyumba nzima ilikula chakula kimoja. Nyumba nzima ilikunywa maji. Jioni Ffion alimsukuma babu yake kwenye njia ya mtoni, na kiti kile ni kizito, niamini. Mwanzoni alisimama kila penye taa. Baadaye alisimama kwa kuwa babu ameomba kusikiliza mto.

Alipopimwa tena, sukari yake ilikuwa imeshuka mpaka mahali pake. Nesta alimwambia Delyth barabarani, na Delyth akakaa juu ya ukuta wa jirani, akalia huku ameshika kabichi.

Kwa Idwal, mambo yalikuwa mengine. Yaliyoharibika hayakurudi. Mguu wa pili ulianza kutia wasiwasi. Macho yake yaliona mwanga na vivuli tu. Aliacha uenyekiti, lakini upawa hakuuachia. Kila Ijumaa Ffion alisukuma kiti kati ya meza, sufuria ya kawl ikiwa kwenye kigari pembeni, na Idwal aligawa kwa kupapasa.

"Nani huyu? Gwilym? Sogeza sahani, acha aibu. Ulisema mgomo umerudi, na wewe umerudi!"

Ijumaa moja walipomaliza mzunguko wa kwanza, Ffion alikaa kwenye meza ya bibi yake akala. Babu alifika tena, safari hii akisukumwa na Hopkin. Akachota. Akanyoosha mkono.

Ko!

Upawa uligonga kitako cha sahani. Supu ilitiririka mezani. Ukumbi mzima uligeuka kutazama. Sauti ile haikuwahi kusikika kwenye meza ya Prosser.

"Sahani ya nani hii?" aliuliza Idwal.

"Yangu, Babu," alisema Ffion.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

Idwal aliurudisha upawa kwenye sufuria. Alipapasa mpaka akakuta ile sahani, akaweka kiganja juu ya kitako chake, akakiacha hapo.

"Basi nenda kacheze," alisema. "Na ukimbie. Kimbia kwa ajili yangu pia."

Ffion aliinuka. Idwal hakuweza kumwona akitoka, lakini aliinamisha kichwa, akasikiliza miguu yote miwili ya mjukuu wake ikishuka ngazi za ukumbi bila kusimama.