Mama wa Kwenye Daftari

Ndugu zangu, mlio na mama na mliokwisha kuwazika, nataka kuwaeleza habari ya nyumba moja ya vyumba viwili. Namwomba Mungu anishike ulimi, nisiongeze wala nisipunguze.

Katika nyumba hiyo walikaa mama na binti yake, wawili tu. Mama alikuwa dobi. Watu walimwita Mama Pasi, na wengi hawakuwahi kujiuliza kama ana jina jingine. Asubuhi alifua, mchana alianika uani, na jua likianza kulegea alisimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi akapiga pasi. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito, kifuniko chake kinafunguka kwa juu, na kipini chake cha mti kimelainishwa na kiganja chake mwenyewe.

Binti alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minane, karani wa masjala katika ofisi moja. Jirani zake walimwita Karani. Kila jioni akirudi kazini alivua viatu, akachukua kopo la maji, akanyunyizia nguo huku mama akinyoosha. Walipiga soga na kucheka, na mara nyingine waliwasengenya wenye nguo.

"Mama, tazama kola ya huyu bwana, nyeusi kama tako la sufuria."

"Nyamaza we! Hilo tako la sufuria ndilo linalotulisha."

Basi nyumba ilikuwa na amani. Kilichoivuruga amani hiyo hakikuwa ulevi wala wizi. Kilikuwa ni jambo jema, na ndiyo maana naogopa ninapolisimulia.

Karani aliacha shule akiwa msichana, mwaka aliofariki baba yake, na mama alilibeba jambo hilo moyoni kama mwiba. Madarasa ya jioni ya watu wazima yalipofunguliwa katika shule ya mtaani, mama ndiye aliyemsukuma.

"Nenda kasome, mwanangu. Nguo nitamalizana nazo mwenyewe."

"Peke yako utaweza?"

"Nilizianza kabla hujazaliwa, nitashindwaje leo?"

Karani akaenda. Somo lililomteka ni ushairi. Mwalimu wa Fasihi, kijana mwenye tai na chaki sikioni, aliwafundisha taswira. "Taswira," alisema, "ni picha inayochorwa kwa maneno. Mshairi hasemi tu kwamba mama amezeeka. Anakuonyesha mti uliopukutika majani, au mshumaa unaoyeyuka ili wengine wapate mwanga, nawe mwenyewe unauona uzee na unaiona sadaka ya mama. Sasa kazi yenu ni hii. Nendeni nyumbani mkamtazame mama, mkaandike."

Karani alirudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyepewa macho mapya. Kwa mara ya kwanza aliiona mishipa ya mikono ya mama yake. Aliona mgongo uliopinda na nywele zilizobaki chache. Alinunua daftari lenye jalada gumu, na siku zisizokuwa na darasa aliketi kwenye kigoda pembeni akimwangalia mama anavyonyoosha nguo. Kopo la maji hakulishika tena. Mama alijinyunyizia mwenyewe.

"Mbona unanikodolea macho?" mama aliuliza.

"Nakuandika, mama."

"Haya, niandike na meno basi, maana yaliyobaki ni mawili."

Walicheka wote. Lakini mama alikuwa akisema mambo mengine pia, na hayo hayakuwa ya kuchekesha. Alisema, "Siku hizi nikikanyaga chini ni kama nakanyaga pamba." Karani akaandika: anatembea juu ya pamba. Alisema, "Nina kiu, mwanangu, hata nikipewa mto nitaumaliza." Karani akaandika: kiu yake ingemaliza mto. Mama alikuwa analalamika, ndugu zangu. Alikuwa anataja maradhi yake kwa maneno aliyokuwa nayo. Binti akayasikia kama ushairi.

Mtu wa kwanza kushtuka alikuwa Fundi Viatu, jirani waliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja tu, aliyefanyia kazi mlangoni pake. Jioni moja alimsimamisha Karani.

"Dada, mama yako leo kapita hapa na ndala moja. Namwuliza, Mama Pasi, nyingine iko wapi? Anautazama mguu kama si wake."

"Mguu kama si wake!" Karani akasema, na mkono ukaingia mkobani kutafuta kalamu.

"Usiandike, bwana! Mpeleke akaonwe."

"Uzee huo, fundi."

"Mimi nashughulika na miguu ya watu mwaka wa ishirini huu. Uzee gani unaomvua mtu kiatu asijue?"

Karani alicheka akaingia ndani. Hakuwa na moyo mbaya. Alimpenda mama yake, na kila asubuhi alimwombea kwa Mungu ampe maisha marefu. Lakini dua nayo inataka miguu. Ukimwomba Mungu afungue mlango, nawe uende ukausukume.

Halafu ikaja siku ya kaa.

Mama alikuwa amefungua kifuniko cha pasi ili achochee moto. Kaa moja likaruka, likaanguka sakafuni, jekundu. Mama hakuliona. Alisogea kuifuata mikono ya shati, akaukanyaga moto ule kwa mguu mtupu, uzito wake wote juu yake. Karani alikuwa kwenye kigoda chake. Aliona. Alifungua mdomo apige kelele, lakini mama hakuruka wala hakusema kitu, aliendelea tu kunyoosha. Karani akafunga mdomo, akafungua daftari.

Ikatoka harufu. Mama akanusa, akashtuka. "Nini kinaungua? Nimeunguza shati la watu?" Akaliinua shati, akaligeuza huku na huku.

"Mama, umekanyaga kaa!"

Mama akainua mguu, akatazama chini ya wayo. "Ah. Namshukuru Mungu si shati."

"Huumii?"

"Hata. Nipe kitambaa nifunge."

Karani akampa kitambaa huku machozi yakimlenga. Moyoni alisema, huu ndio uvumilivu wa mama. Hakufikiri kwamba kuna tofauti kati ya anayevumilia maumivu na asiyeyasikia kabisa. Usiku uleule alimaliza shairi lake.

Baada ya wiki tatu alilisoma darasani.

*Mama ni mti mkavu, kivuli hajatunyima,*
*Matawi yana makovu, shina bado liko wima,*
*Moto umekuwa jivu chini ya wayo wa mama,*
*Hakutoa neno ovu, machozi ameyazima.*

Darasa zima lilipiga makofi. Mwalimu alivua miwani akaifuta. "Ule mstari wa tatu," alisema, "hiyo ndiyo taswira. Jumamosi tunafunga muhula, wageni watakuja. Utalisoma mbele yao, na mama aketi kiti cha mbele."

Mmoja tu hakupiga makofi. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mfanyakazi wa zahanati, ambaye wanafunzi wenzake walimtania kwa jina la Dada Sindano.

"Karani, samahani," alisema. "Huo moto ni wa kweli au umetunga?"

"Wa kweli. Nilikuwepo."

"Alipokanyaga aliruka?"

"Hakuruka. Aliendelea na kazi."

"Basi hakusikia."

Mwalimu akaingilia, "Alisikia, ila alivumilia. Hapo ndipo penye nguvu ya taswira."

"Mwalimu, mimi taswira siijui," Dada Sindano akajibu. "Mguu naujua." Akamgeukia Karani. "Anakunywa maji sana? Anakwenda haja ndogo mara kwa mara? Kidonda kimepona?"

Karani alijibu swali moja baada ya jingine, na kila alivyojibu sauti yake ilipungua. Kidonda hajakiona, kimefungwa kitambaa. Kuhusu maji, ndiyo, anakunywa sana.

"Hiyo ni sukari, dada yangu, na miguu imeshakufa ganzi. Kesho asubuhi mlete. Kesho, umenielewa?"

Kesho hiyo ilikuwa Alhamisi. Na hapa, ndugu zangu, ndipo dhambi yenyewe ilipo, maana hadi hapo lilikuwa ni kosa la kutojua. Karani sasa alijua. Njiani alipiga hesabu: wakimlaza mama Alhamisi, Jumamosi nani atakaa kiti cha mbele? Akajiambia, kidonda kimekaa wiki tatu, siku mbili zitafanya nini? Jumatatu nitampeleka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Karani alikuwa amesifiwa mara moja tu.

Dada Sindano alimngoja Alhamisi, akamngoja na Ijumaa. Ijumaa jioni alimfuata kwenye geti la shule.

"Mama yuko wapi?"

"Jumatatu, dada. Kwa hakika Jumatatu."

"Mungu akupe hiyo Jumatatu," Dada Sindano akasema, akaondoka.

Jumamosi mama aliamka akitetemeka. "Mwili unachemka, mwanangu. Niache nilale."

"Kidogo tu, mama. Ni kwa ajili yako. Watu wote wanataka kukuona."

Mama akanyanyuka. Akina mama ndivyo walivyo, hukubali kwenda hata pale wasipoweza. Alijishikiza kwa bega la binti yake hadi ukumbini, akawekwa kiti cha mbele, katikati ya wageni waliovaa vizuri. Wawili wao walijipepea kwa mkono puani, wakidhani harufu inatoka mfereji wa nje.

Mwalimu alipokuwa akimtaja Karani kwa sifa, mama alimvuta nguo. "Mwanangu, nipatie maji."

"Subiri kidogo, mama. Zamu yangu imefika."

Akapanda jukwaani. Alisoma vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Sauti ilitulia, na mahali pa moto akanyamaza kidogo kama alivyofundishwa. Wanawake walilia. Wanaume walitazama dari. Alipomaliza ukumbi ulisimama wote, makofi yakavuma, na Mwalimu akaita kwa furaha, "Mama naye asimame tumwone!"

Mama alijaribu. Aliweka mikono kwenye kiti, akainuka nusu, akaanguka kifudifudi mbele ya jukwaa. Watu waliendelea kupiga makofi kwa muda kidogo, kwa sababu waliokaa nyuma hawakuona.

Hospitalini kitambaa kilifunguliwa. Sitaeleza kilichoonekana. Daktari alimwuliza Karani swali moja tu: "Unakaa naye nyumba moja?" Akajibu ndiyo. Daktari akaandika.

Mguu ulikatwa juu ya goti siku hiyohiyo, lakini sumu ilikuwa imekwisha ingia kwenye damu. Siku ya tano mama alipata nafuu kidogo, akafungua macho. Karani alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mama."

"Nilikusikia ukisoma," mama akasema polepole. "Umesoma kama mtu wa redio. Yule mama alipigiwa makofi mengi."

"Ni wewe, mama."

"Labda." Akapumzika. "Mimi nilikuwa nataka maji tu."

Karani akachukua kikombe, akamnyanyua kichwa. Mama akanywa mafunda mawili, akasema asante, akafumba macho. Siku ya saba alifariki. Mungu amrehemu.

Baada ya mazishi wenye nguo walianza kuja. Mashati yalikuwa yamerundikana mezani, mengine yamepigwa pasi, mengine bado. Hayakuwa na alama yoyote. Mama aliyajua yote kwa kichwa, hili la nani na lile la nani. Karani alisimama mbele ya rundo, ameshika shati mkononi, na mtu anamwuliza, "Langu lipi?" naye hajui. Alikuwa amemtazama mama yake kutoka kwenye kigoda kile miezi mitatu mizima, na hakuwahi kumwuliza hata shati moja ni la nani.

Fundi Viatu ndiye aliyemsaidia. Aliyapanga moja moja, halafu akasema, "Lile la mistari ni la mwalimu mkuu. Hili ni la kinyozi, mkewe anaumwa."

"Umejuaje?"

"Ukuta wetu mwembamba. Mama alikuwa akishika kila shati analitaja lilivyo, kisha anamwombea mwenye nalo kwa jina, wewe ukiwa darasani. Kwani hukuwahi kumsikia?"

Karani aliliachia shati lililokuwa mkononi. Alikaa chini juu ya sakafu, na mwenye shati akaona haya, akaondoka bila nguo yake.

Tunalojifunza hapa

Ndugu zangu, msiende mkasema kwamba shairi ndilo lililomwua mama huyu, au kwamba mtu mzima asisome. Kusoma ni neema. Na ushairi ulifanya kazi yake, maana ulimwonyesha Karani mishipa, mgongo na mguu ambavyo hapo awali hakuviona. Kosa ni kwamba aliviona akaishia kuviandika.

Taswira ya mama ni deni la upendo. Ukimwita mama yako mti, mwagilia maji. Ukimwita mshumaa, zuia upepo. Na mzee wako akikuambia anakanyaga pamba, usimsifu kwa maneno mazuri. Piga magoti, mvue kiatu, utazame mguu. Tena fanya hivyo leo. Usiseme Jumatatu.

Mwenye mama nyumbani, aweke chini karatasi hii sasa, akamwulize kama ana kiu.