Simu Haina Mlango

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumatano, tarehe tisa Machi mwaka 2022. Asubuhi ilikuwa nzuri tu. Waisiko alikaa mbele ya nyumba akipepeta ulezi, kuku wakimzunguka, na mumewe, Mzee Wangwe, alikuwa akitia mpini kwenye jembe. Ng'ombe walikwisha kutoka. Ng'ambo ya bonde, upande wa Matongo, vijana walikuwa wakigonga mawe ya dhahabu, na mlio huo ulishazoeleka kama wa vyura.

Ungo ukamponyoka Waisiko. Wangwe akatazama, akaona doa kwenye kanga yake.

"Imerudi tena?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Haijakoma tangu juzi."

Damu ya wanawake, ndugu zangu, iliyomwacha Waisiko kabla wajukuu hawajazaliwa, ilikuwa imerudi. Zamani asingehangaika. Angekwenda zahanati kwa nesi Bernadetha, naye Bernadetha angefunga mlango, angetundika kitenge dirishani, na maneno ya mwanamke yangebaki kwa wanawake. Lakini dhahabu ilipofumuka na watu wakajaa, wakati nesi mmoja hatoshi, wakubwa wakamwondoa hata huyo mmoja. Zahanati ikapigwa kufuli. Wazee wakaambiwa washukuru: daktari sasa yumo kwenye simu, hana foleni.

Simu yenyewe ya kupangusa pale nyumbani ilikuwa moja, ya mkwe wao Simoni, aliyemwoa binti yao Mokami. Haikutoka mkononi mwake, maana wanunuzi wa dhahabu hupiga saa yoyote, na ukichelewa kupokea, mwenzako anauza. Na mtandao ulishika juu ya kichuguu tu, kando ya njia.

Sasa nyinyi mnaowajua Wakurya mnajua. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, seuze kutaja mwili. Simoni alipanda kichuguu mbele ya Waisiko, akampigia daktari, akanyoosha mkono wenye simu, akageuza uso kuangalia mihogo. Heshima yote aliyofundishwa aliiweka kwenye shingo ile.

"Shikamoo mama," daktari akasema kutoka kwenye kioo. "Unasumbuliwa na nini?"

Waisiko akashusha kanga mpaka kwenye nyusi. "Marahaba. Kichwa, mwanangu."

"Kichwa tu?"

"Na miguu. Na uzee."

Daktari akacheka. "Uzee hauna dawa, mama." Akamwandikia vidonge vya maumivu. Bando likakata.

Wangwe alikuwa amesimama chini ya kichuguu, akisikia yote. Hata yeye angesemaje, mkwe akisikia?

Njiani akamuuliza mkewe, "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nani? Daktari au Simoni?"

Akavimeza vidonge vile bila kubisha. Mwezi wa sita akaanguka jikoni. Wakampakia kwenye bodaboda, kati ya dereva na Mokami, hadi hospitali ya mjini. Daktari wa huko akafunga mlango, akampima, akatoka akitikisa kichwa. Kansa ya kizazi, imeshasambaa. Mngemleta mapema. Waisiko alizikwa kando ya boma, ulezi wake ukiwa bado shambani.

Haukupita muda, wakubwa wakaja na kamera na kofia za kugawa. Mmoja akashika kipaza sauti. "Wazee wa huku wanaogopa teknolojia," akasema. "Tutawapa elimu."

Wangwe akasimama.

"Shikamoo mzee. Kaa kwanza, maswali baadaye."

"Marahaba. Sikai." Akaegemea fimbo. "Mimi nimeshuka duara, shimo la dhahabu, kwa kamba, na mvi hizi hizi. Simu ndiyo niiogope?"

Watu wakacheka.

"Mke wangu hakuogopa simu. Alimheshimu mkwe."

"Hizo mila zimepitwa na wakati, mzee."

"Sawa. Wewe mama mkwe wako yupo?"

"Yupo, namshukuru Mungu."

"Na simu unayo. Mpigie hapa hapa, weka sauti kubwa. Muulize damu yake ilikoma lini."

Yule mkubwa akaitoa simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni. Simoni, aliyekuwa nyuma na wachimbaji wenzake, akainamisha kichwa.

"Umeona? Hata wewe una mila," Wangwe akasema. "Basi niambie kitu kimoja. Ufunguo wa zahanati uko kwa nani?"

Kipaza sauti kikahamishiwa kwa mwingine, naye akaanza kugawa kofia. Wangwe alirushiwa yake. Akaiacha pale ilipoangukia.

FUNZO

Mama zangu, baba zangu, ugonjwa usio na pa kusemewa huua. Mkwe akishika simu, mwambie aiweke juu ya jiwe aondoke. Akikataa, tembea mpaka umpate mwanamke wa kukushikia. Aibu ya siku moja ni nafuu kuliko kaburi. Vijana, dhahabu ipo na kesho. Mwachieni mama simu. Wala wasije kututajia ile methali ya mficha maradhi. Waisiko hakuficha, alinyang'anywa pa kusemea. Simu si mbaya, lakini aliyeondoa nesi akaleta simu alipaswa kwanza aulize nani ataishika.

Kufuli bado lipo, limeshika kutu. Nyasi zimefika kwenye dirisha lile la kitenge. Kila siku ya mnada Wangwe hupita pale, husimama, humuuliza yeyote aliye karibu: ufunguo uko kwa nani?