Diski Iliyoota Kuvu

Mtaani Nishijin hakuna jogoo. Watu huamshwa na mitambo ya kufuma. Ta-tan, ta-tan, ta-tan. Nyumba moja ikianza, ya jirani huitikia. Zamani kelele zilikuwa nyingi hata usimsikie mwenzako akikukaribisha chakula. Siku hizi imebaki mitambo michache tu, na mmoja ni wa Chizue.

Chizue alikuwa na miaka sitini na minane, na binti mmoja, Mitsuyo, aliyeishi Osaka. Kila asubuhi aliweka wali na maji mbele ya picha za wazee wa nyumba waliotangulia. Alimpelekea mumewe chai, kisha akakaa kwenye mtambo. Alifuma mikanda ya hariri, ile mipana ya kufungia kimono, vazi refu la Kijapani. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka arobaini na mitano. Lakini mkanda wake mwenyewe hakuwa nao hata mmoja. Ndivyo walivyo wafumaji. Kazi ya mikono yao huvaliwa na watu wasiowajua.

Nakshi za mikanda alizichora mumewe, Tokuji. Alizichora kwa kompyuta ya mwaka 1993, iliyokaa pembeni imefunikwa kitambaa. Kompyuta iliandika nakshi kwenye diski, vile vibamba vyembamba vya plastiki. Mtambo ulisoma diski, ukajua uzi upi uinuke na upi ushuke. Juu ya kompyuta Tokuji alibandika karatasi: USIGUSE.

Watu walimwambia, "Mzee Tokuji, nunua mpya bwana!"

Yeye alijibu, "Kinachofanya kazi hakiulizwi umri."

Sasa Tokuji alikuwa amelala chumba cha ndani. Mapafu yalikuwa yamekwisha. Daktari alipokuwa akivaa viatu mlangoni alimwambia Chizue ukweli: mvua za Juni huenda zisiishe naye. Chizue aliinama akamshukuru, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Asubuhi moja Tokuji alisema, "Mke wangu, ule mkanda wako hatujaufuma."

"Mkanda gani?"

"Wa makomamanga. Nilikuchorea mwaka ule tulipokata mkomamanga wa uani. Uko kwenye diski, ghalani. Kila mwaka nasema mwakani." Akapumzika kuvuta pumzi. "Ufume. Nataka niuone."

Chizue hakujua kama kuna kitu kama hicho. Miaka zaidi ya ishirini, na mtu huyu hakusema neno! Alitamani kumgombeza na kumkumbatia. Alikwenda ghalani.

Alikuta kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na diski kumi na mbili, kila moja na jina la nakshi kwa mwandiko wa Tokuji. Korongo. Mawimbi. Majani ya mwerezi. Makomamanga. Ghala lilikuwa na unyevu, na kopo lilinuka kama viatu vilivyolowa.

Alifunua kompyuta. Moyo ulimdunda, maana hakuwahi kuigusa. Alibonyeza. Kompyuta ilikohoa, ikalia "pi-po!" na kuamka.

"Ngoja nijaribu kwanza na nyingine," alijisemea. "Ya makomamanga iwe ya mwisho."

Akaingiza Korongo. Ndani kukasikika kwaruu, kwaruu. Kioo kikaandika kwamba diski haisomeki. Akaitoa, akaingiza Mawimbi. Kwaruu. Haisomeki. Akaingiza ya tatu. Ya nne. Alidhani diski mbovu ni hizo tu, na nzuri iko mbele. Aliingiza zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, jasho likimtoka. Kisha akashika Makomamanga.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bi Iwaki, jirani wa nyumba ya tatu, amekuja na ubao wa matangazo ya mtaa unaopitishwa nyumba kwa nyumba. Bi Iwaki alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya kugeuza michoro kuwa maagizo ya mtambo. Alikuwa ameusikia ule mkwaruzo akiwa bado nje.

"Mama Mitsuyo! Toa mkono hapo! Toa!"

Alitupa ubao, akaingia bila hata kusema hodi. Alichukua ile diski mkononi mwa Chizue na kukisogeza kile kifuniko chake kidogo cha bati. Kwenye utando mweusi wa ndani mlikuwa na madoadoa meupe.

"Unaona? Kuvu hii. Umeingiza ngapi?"

"Kumi na moja," Chizue alisema.

"Loo! Masikini wee." Bi Iwaki alikaa chini. "Sikiliza. Ndani ya mashine kuna kichwa kinachosoma diski. Ile ya kwanza ilikuwa na kuvu, ikakichafua. Ni kama pasi iliyoganda uchafu. Ukiendelea kupiga, kila nguo inaharibika, hata iliyokuwa safi. Diski ya kwanza ikikataa, unasimama. Hujaribu ya pili."

"Zinaweza kupona?"

Bi Iwaki aliziangalia moja moja dirishani. Zilikuwa na duara za mkwaruzo. Akatikisa kichwa.

Chizue alilia palepale, mbele ya mtambo. Miaka kumi na zaidi ya kazi ya macho ya mumewe, naye ameimaliza asubuhi moja kwa mkono wake.

Kutoka chumba cha ndani Tokuji aliita. "Nimesikia ikikwaruza. Ngapi?"

Chizue alikwenda akapiga magoti. "Kumi na moja. Nisamehe."

Tokuji alinyanyua kichwa kwenye mto. "Kosa langu," alisema. "Niliandika usiguse. Sikuandika kwa nini."

Siku hiyohiyo Bi Iwaki alirudi na mkoba na laptopu yake. Alifungua ganda la diski ya makomamanga polepole, akatoa utando wa ndani. Aliupangusa kwa kitambaa laini na spiriti safi, kuanzia katikati kwenda nje. Akaukausha, akautia katika ganda jipya, kisha akausoma kwa kisomeo chake kisafi.

"Sasa nanakili kila kitu kilichomo. Kunakili kwanza, kutazama baadaye. Huenda tusipate nafasi ya pili."

Nakala ilitoka. Kwenye makomamanga saba, sita yalikuwa kamili. La saba lilikuwa nusu. Nusu nyingine kuvu ilikwishaila.

"Basi tununue kompyuta mpya tuufume mkanda," Chizue alisema.

"Mpya haitakuelewa, shoga. Programu ya mzee inataka mfumo wa zamani, yaani ule mpango mkuu unaoiamsha kompyuta na kuiamrisha. Na mfumo wa zamani unataka mashine ya zamani, ambayo haitengenezwi tena. Kwa hiyo tutaudanganya."

Alitoa diski kuu, ile inayohifadhi kila kitu ndani ya kompyuta ya Tokuji, kabla nayo haijafa, akainakili yote. Kisha kwenye laptopu akafungua programu inayojifanya mashine ya mwaka 1993. Ni kompyuta ndani ya kompyuta. Mfumo wa zamani ukiamka humo, unadhani uko kwake.

Laptopu ikalia, "Pi-po!"

"Imepona?" Tokuji aliuliza kutoka ndani.

"Hapana, mzee," Bi Iwaki akajibu. "Hii ni nyingine, inaigiza ile."

Tokuji alicheka hadi akakohoa. "Inaigiza vizuri, mshenzi huyu."

Kwenye mtambo, Bi Iwaki aliondoa kisomeo cha diski, akaweka kisanduku kidogo kinachosoma flashi. Mtambo haukujua tofauti. Kisha akamgeukia Chizue.

"Laptopu hii ibaki hapa. Usiiunge na intaneti kamwe. Mfumo wa zamani ni nyumba yenye milango isiyo na kufuli. Nakala ziwe tatu: moja hapa, moja kwangu, moja kwa binti yako Osaka. Na sasa nazima. Washa mwenyewe, kwa kutumia nakala."

"Mimi? Si umeshaonyesha kwamba inafanya kazi?"

"Nimeonyesha kwamba mimi naweza. Nakala usiyoijaribu si nakala. Haya, andika kila hatua kwenye karatasi."

Chizue alikosea mara mbili. Mara ya tatu ikalia pi-po.

Tokuji alipoonyeshwa lile komamanga nusu alitaka kalamu, akajaribu mstari mmoja, ukaenda upande. Akaiweka chini. "Liache. Ndege amelidonoa."

Chizue alifuma kwa mkono, uzi kwa uzi, kadiri mtambo ulivyomwinulia nyuzi, mlango wa chumba cha ndani ukiwa wazi. Akisimamisha mtambo, Tokuji alifumbua macho. Akiendelea, aliyafumba. Kila komamanga likiisha alisogeza taa ili alione. Aliyaona manne. Asubuhi ya siku ya saba, Chizue akiwa katikati ya la tano, alisimamisha mtambo kufunga uzi uliokatika, na Tokuji hakufumbua macho.

Waombolezaji walikuja. Binti yao, Mitsuyo, alifika na gari moshi la mchana. Chizue aliwapa watu chai, kisha akarudi kwenye mtambo. Shangazi mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mume hata hajapoa, yeye anafuma! Hana hata haya?" Ta-tan, ta-tan. Chizue alifuma usiku kucha, akamaliza kesho yake adhuhuri.

Kabla ya jeneza kufungwa na kupelekwa kuchomwa, kama ilivyo desturi yao, alikunjua ule mkanda akamfunika nao mumewe, kuanzia kifuani hadi miguuni.

Mitsuyo alimshika mkono. "Mama! Utaungua naye. Mkanda wako wa kwanza maishani, hata hujauvaa!"

"Acha auone wote," Chizue alisema. "Nakshi iko mahali patatu, na nakala moja unayo wewe."

Vuli ilipoingia, Mitsuyo alikuja kukaa. Karatasi ya USIGUSE haikuwepo tena. Mahali pake palibandikwa ukurasa wa hatua kumi na nne kwa mwandiko wa Chizue. Ya mwisho ilisema: Diski ya kwanza ikikataa, simama. Chini ya ukurasa lilikaa kopo la biskuti na diski kumi na moja zilizokufa. Chizue alikataa kuzitupa. Jirani yeyote mwenye mtambo akija, humwonyesha kwanza hizo, ndipo amkaribishe chai.

Mitsuyo alifuata hatua moja moja kwa kidole. Pi-po. Makomamanga yakatokea kwenye kioo.

"Mama, hili la saba ni nusu. Mimi najua kuchora siku hizi. Nilimalizie?"

"Hilo ndilo usiguse," Chizue alisema. "Ndege amelidonoa. Baba yako mwenyewe alisema." Akafuta macho kwa mkono wa nguo, akamsogezea binti yake kiti cha mtambo. "Kaa. Huu wa pili nitauvaa."