Hata kwa Miguu Barabara Inaua

Siku ya jina la Walenty, yaani sikukuu ya mtakatifu wa jina lake, mdogo wake Zenon alifika mapema. Alimpasulia shemeji yake Genowefa kuni, akazipanga karibu na jiko bila kuombwa. Ndivyo alivyo Zenon.

Kufikia alasiri hakuweza hata kushika uma. Yeye na wageni wengine walikuwa wamekunywa vodka kwa afya ya Walenty, kwa marehemu mama yao, kwa mavuno, hata kwa ng'ombe.

"Naenda nyumbani," Zenon akasema, akipapasa mifuko.

Genowefa alikuwa ameshachukua funguo za gari. "Huendeshi, shemeji. Ng'o!"

Wageni wakampigia makofi. Naye akajiona amefanya la maana.

"Basi aende kwa miguu," akasema Walenty, mumewe. "Ni kijiji cha pili tu. Baridi itamlevua."

Akamfuata na chupa hadi langoni, maana kwao mgeni haagwi bila glasi ya langoni.

"Kunywa! Leo huna gari, unaogopa nini?"

Zenon akanywa. Akaingia barabarani na koti lake jeusi. Ilikuwa Februari, majira ya baridi kwao, na giza lilikuwa limeshaanza kuingia.

Muda si muda, breki zikalia. Walenty akakimbia nje. Alirudi yeye na jirani yao Halina, muuguzi wa gari la wagonjwa, wamembeba Zenon.

"Nani kamtoa huyu nje?" Halina akafoka. "Nimemkuta amelala katikati ya barabara! Nusura nimkanyage!"

"Funguo tulimnyang'anya," Walenty akajitetea.

"Mkamwachia barabara! Mlevi wa hivi hajui gari liko mbali au karibu. Koti jeusi, lami nyeusi, dereva amwone kwa macho ya paka? Mnamnywesha mtu mpaka anakuwa gogo, halafu mnamfungulia lango!"

Genowefa aliona aibu. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe ukamwongezea! Ndugu yako wa tumbo moja!"

"Nimpikie kahawa?" Walenty akauliza kwa sauti ndogo.

"Kahawa haitoi pombe mwilini. Baridi pia haitoi. Ni muda tu unaoitoa. Mlaze ubavu, asipaliwe na matapishi. Asiachwe peke yake."

Genowefa akamtikisa bega. "Zenon! Shemeji!"

Kimya. Alipumua mara moja, akakawia kupumua tena. Midomo yake ilianza kuwa ya samawati.

"Hapa hangojewi mtu aamke," Halina akasema, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Akapiga magoti, akamshika Zenon mkono mpaka lilipofika.

Zenon alipona. Lakini madaktari walisema angechelewa kidogo tu kufikishwa hospitali, angezikwa.

Mwaka uliofuata, siku kama ile, kabla ya chupa kufunguliwa, Genowefa alitandika magodoro chumba kizima.

"Mama, unatulaza hata supu hatujala?" mgeni mmoja akamtania.

"Anayekunywa analala hapa. Asiyetaka kulala hapa, chai ipo."

Wageni wakacheka, wakamtazama Walenty. Walenty akaitikia kwa kichwa.

Zenon akasogeza kikombe chake.

"Nitilie chai, shemeji," akasema. "Hawa wazee nitawapeleka kwao mimi."