Maji ya Buluu

Haya si ya kuokota njiani. Yalimfika rafiki yangu Seif wa Mambrui, mwaka wa ukame wa themanini na nne. Gari lake kuukuu lilichemka njia ya Gongoni. Kando ya kaburi lililojitenga palikuwa na mtungi wa maji. Akayamimina yote kwenye rejeta, hata salamu hakumpa mwenye kaburi.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi rejeta ilikuwa kavu, na chini ya gari hakuna tone. Seif akamshuku fundi wake, Gona. "Wewe ndiwe wanifungulia maji, ili nirudi kwako!"

"Haki ya Mungu si mimi, bwana." Gona akakoroga buluu ya kufulia nguo, akaitia kwenye rejeta. "Panapovuja patajichora."

Magharibi Seif akalifungia gari bandani, ufunguo akaufunga pindoni mwa kikoi. Usiku, akiwa nje ya mlango, akasikia humo gizani gudu, gudu, gudu, kama mtu apigaye mafunda. Asubuhi rejeta kavu, wala buluu haikuchora popote.

Shaka ikamrudisha kaburini kwa miguu. Mtungi ulikuwa pale pale. Akaufunua. Ulikuwa umejaa pomoni maji ya buluu, yakifuka mvuke.