Picha Mbili za Geti la Mwalimu

Jumatatu, saa saba na dakika kumi mchana, mwalimu mstaafu alirudi kutoka kliniki akakuta geti lake limelala juu ya maua. Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile alivyoliacha, na mnyororo haukuwa na hata mkwaruzo. Mwizi hakujisumbua na kufuli. Alilinyanyua geti zima kutoka kwenye bawaba, akalilaza kando, akaingia kama mwenye nyumba. Cherehani na televisheni vilikuwa vimekwenda, na ukutani palibaki duara jeupe mahali pa saa.

Inspekta alifika saa nane kasoro robo, yeye na konstebo wake. Ilikuwa nyumba ya tatu kwa mwezi ule, mtaa uleule, mtindo uleule. Alichuchumaa mbele ya geti. Alipoona majani mawili ya chuma yaliyokunjwa kwenye pembe za juu, hakuhitaji kuuliza nani alilitengeneza. Mjomba wake alikuwa akikunja majani yale tangu yeye hajaanza shule. Mjomba ndiye aliyemlea, na karakana ya mjomba ndiyo iliyomsomesha. Akiwa na miaka tisa alikuwa akimshikia vyuma kwa koleo, ndiyo maana mpaka leo mzee humwita Koleo, hata mbele ya askari.

"Mageti yote matatu ni ya fundi mmoja, afande," alisema konstebo.

"Nusu ya mtaa huu ni mageti ya fundi huyo," alijibu Inspekta. Ilikuwa kweli, na aliitamka kwa kujivunia kidogo.

"Tena ni mtu mwema," mwalimu alidakia, huku akijifuta macho kwa kona ya mtandio. "Wiki iliyopita tu alipita kupaka bawaba grisi. Wala sikumwita."

Wa kwanza kushukiwa alikuwa mlinzi wa mtaa, mwanamume mwenye sifa ya kusinzia akiwa wima. Alihojiwa saa tisa juu ya kiti chake cha plastiki.

"Kati ya saa nne na saa saba ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, afande. Sikubanduka hata kwenda haja."

"Halafu mtu apitishe televisheni mbele ya pua yako usimwone?"

"Mwizi sikumwona. Haki ya Mungu."

"Uliona nani basi?"

"Watu wa kila siku. Mama wa mboga. Msoma mita za maji. Fundi na mkokoteni wake wa vyuma. Na yule Bwana Geti, alisimama kwa mwalimu karibu nusu saa na mitambo yake."

Inspekta aliinua kichwa. Kwenye daftari aliandika: *Mpiga picha. Nusu saa.* Wengine hakuwaandika.

Bwana Geti alikuwa mpiga picha mwembamba aliyepita miaka hamsini, na kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa mageti. Alipiga ya shule, ya hospitali, ya mashamba, ya viwanda vilivyofungwa, hata geti moja lililosimama peke yake porini baada ya ukuta wake kuanguka. Hakupiga lolote bila kubisha hodi na kuomba ruhusa, na baadaye alimletea mwenye nyumba nakala yake. Watu walimcheka, lakini walimfungulia. Jioni ile polisi walipopekua chumba chake walikuta picha mia nne na kumi na mbili zimebandikwa ukutani, na yale mageti matatu yalikuwemo. Konstebo alipiga mluzi. Bwana Geti akalala mahabusu.

Jumanne, saa tatu asubuhi, waliketi watu watatu kwenye chumba cha mahojiano, konstebo akiandika.

"Kwa nini mageti?" aliuliza Inspekta.

"Kwa sababu hakuna anayeyapiga. Wenzangu wote wanapiga harusi."

"Nyumba tatu zimeibiwa. Zote umezipiga picha."

"Nimepiga nyumba mia nne, afande. Ningekuwa mwizi ningekuwa tajiri." Hakuna aliyecheka, naye akaacha utani. "Ngoja nikuonyeshe. Kila geti nalipiga mara mbili. Mara ya kwanza jua likiwa upande huu, halafu narudi baada ya wiki mbili kwa saa nyingine, jua likiwa upande wa pili. Bila hivyo sihesabu kwamba nimelipiga. Hii ni ya mwalimu, ya tarehe tatu. Na hii ni ya jana, kwa ruhusa ileile, saa nne na dakika ishirini, kamera yenyewe imeandika. Tazama juu ya bawaba ya juu."

Alizisukuma picha mbili mezani.

"Kwenye hii ya kwanza kuna kipande cha chuma kimechomelewa. Kwenye ya jana hakipo, na rangi ya pale inang'aa kuliko kwingine. Mimi sijui kinaitwaje."

Inspekta alijua. Kinaitwa kizuio. Fundi hukichomelea mwisho kabisa, geti likishatundikwa, ili asitokee mtu wa kulinyanyua. Yeye mwenyewe amevishikilia mamia kwa koleo. Ili kukiondoa unahitaji grainda ya kukatia chuma, rangi ileile ya kijani, na sababu ya kusimama kwenye geti la mtu mchana kweupe bila kuulizwa swali. Alikumbuka grisi. Alikumbuka mkokoteni wa vyuma. Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe mpaka mahali pale kwenye picha, kikatulia.

"Hakuna kitu hapa," alisema. "Ni kivuli."

Konstebo aliandika: *Ni kivuli.*

"Afande," mpiga picha alisema taratibu, "miaka mitatu nabisha hodi. Mkiniweka humu wiki moja, hakuna geti litakalofunguliwa kwa ajili yangu tena. Nakuomba uangalie vizuri."

"Mrudisheni ndani."

Inspekta alikwenda kunawa uso, akakwepa kujitazama kwenye kioo cha bafuni.

Jioni ile alipitia karakana. Mwaka mzima ilikuwa imepoa, tangu duka la njia panda lianze kuuza mageti ya bati yaliyokuja yametengenezwa tayari. Sasa fremu tano zilikuwa zimesimama ukutani na cheche zilikuwa zikiruka hadi barabarani.

"Wizi huu umewashtua watu, Koleo!" mjomba alisema, akivua miwani ya kuchomelea. "Wanataka mageti mazito, kufuli mbili mbili. Nimekumbukwa!"

Alicheka, na Inspekta akacheka naye. Akanywa soda aliyopewa, akaaga. Hakuuliza chochote. Njia nzima aliona aibu kwa kile kicheko kuliko hata kwa uongo wa asubuhi.

Alhamisi saa nne, mwalimu mstaafu alikuja kituoni.

"Nataka nimwone kwa macho yangu. Nilimpa chai mtu yule. Nilimfungulia kwa mkono wangu. Naona aibu, mwanangu. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini, nimeshindwa kumtambua mwizi."

"Usione aibu, mwalimu," Inspekta alisema, lakini hakumpeleka mahabusu.

Mwalimu alipoondoka, konstebo aliweka faili mezani. Hakumtazama usoni.

"Afande, nilimwonyesha fundi mwingine zile picha. Anasema si kivuli. Sijaandika chochote bado."

Inspekta alilifungua faili kwenye ukurasa wa Jumanne. "Andika alichosema," alijibu. "Halafu chukua funguo za gari."

Saa sita na nusu mchana alizilaza picha mbili juu ya fuawe, mbele ya mjomba wake.

"Kizuio kiko wapi, mjomba?"

"Vingine huanguka."

"Cha kwako hakijawahi kuanguka. Nilikuwa nakula kwenzi la kichwa nikikishika upande."

Mzee alizima mashine. Konstebo alikuwa ameshazunguka nyuma, kwenye rundo la vyuma chakavu.

"Wiki iliyopita ulikwenda kwa mwalimu na kopo la grisi," Inspekta aliendelea. "Ukakata kizuio, ukapaka rangi. Jumatatu ukarudi na mtaimbo na mkokoteni. Mlinzi alikuona. Nani amuulize fundi anashughulika na nini getini? Vitu ukavifunika kwa vyuma, ukavipitisha mbele yake. Alikutaja mbele yangu, mjomba. Sikukuandika."

Nyuma turubai lilifunuliwa. Cherehani, televisheni tatu, redio, viatu vya watu, na saa ya mwalimu iliyokuwa bado inatembea. Hakukuwa na kitu kilichouzwa.

"Sikuvitaka vitu vyao," mjomba alisema. "Mwaka mzima wanapita hapo nje kwenda kununua mabati, hata salamu hawanipi. Watu niliowawekea mageti wakiwa hawana hata milango! Nilitaka waogope kidogo tu. Mtu akiogopa humkumbuka fundi."

"Na mpiga picha?"

"Nilijua utamwachia. Hana kosa, si ungeliona hilo." Alizitazama zile picha, kisha akamtazama yeye. "Uliliona lini?"

"Jumanne asubuhi."

"Na Jumanne jioni ukaja ukanywa soda yangu."

Walisimama wote wawili wakitazama sakafu yenye alama za moto. Kisha mzee alinyoosha mikono.

"Nifunge wewe, Koleo. Usimpe mwingine."

Alimfunga. Makovu yote ya moto kwenye viganja vile alikuwa akiyafahamu, na mengine alikuwepo yalipopatikana.

Saa kumi jioni aliandika maelezo yake mwenyewe: kwamba aliona kizuio kimekatwa, kwamba alisema uongo, na kwamba mtu asiye na hatia alikaa ndani kwa sababu hiyo. Aliyaweka juu ya meza ya mkubwa wake, kisha akaenda kumtoa mpiga picha. Alimkabidhi kamera na stendi yake ya miguu mitatu, akamsindikiza mpaka getini.

"Fundi ni mjomba wangu," alisema. "Tangu Jumanne niliona kile kipande kimekatwa."

"Najua. Ulipagusa pale kwa gumba kabla hujaniambia ni kivuli."

Alikuwa amekesha na jambo hilo siku mbili, wala hakulisema kwa mtu. Inspekta alitamani amtukane. Mpiga picha alivuka barabara, akasimamisha kamera yake, akarudi hatua mbili kama mgeni anayebisha hodi.

"Naomba ruhusa nipige geti lenu."

"Piga." Inspekta alianza kusogea pembeni.

"Usiondoke. Simama hapohapo."

Alisimama, mkono kwenye komeo, kichwa chini.

"Inua uso, tafadhali."

Aliuinua. Kamera ililia mara moja. Mpiga picha akaanza kukunja miguu ya kamera.

"Utarudi lini kupiga ya pili?" Inspekta aliuliza. "Nitakufungulia mwenyewe."

Mpiga picha alijitupia kamera begani.

"Hili sitalirudia," alisema, akashika njia yake.