Maandishi Nyuma ya Picha

Karani mstaafu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, hakuwa na magoti ya safari. Ukoo ulipoanza kutafuta mizizi yake, wenzake walitawanyika kuwahoji wazee; yeye akabebeshwa sanduku la picha aandike majina nyuma. Binti yake, muuguzi, alimwachia penseli mpya.

"Mama, andika na hii, tena taratibu. Kalamu ya wino ukiikandamiza inatokeza mpaka mbele."

"Penseli inafutika, mwanangu."

Binti akacheka, akaenda zake kazini.

Kufikia saa nne asubuhi, nusu ya sanduku ilikuwa imekwisha. Ndipo alipoikuta ile picha. Dada yake mkubwa, amekaa kitandani, amempakata kichanga wa siku mbili. Walifanana, yeye na dada, kama shilingi kwa ya pili, isipokuwa mwandiko: wa dada ulilalia kushoto. Kesho yake baada ya picha ile dada alishikwa na homa. "Niitie daktari," alinong'ona. Karani, aliyekaa miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto, alimtazama yule kichanga, akajibu, "Kesho." Alijibu hivyo siku tatu mfululizo. Ya nne, hakukuwa tena na wa kuitiwa daktari. Mtoto akawa wake, na waliojua wote walishatangulia.

Maisha yake yote aliogopa jambo moja tu, binti asije akajua. Leo dawa ilikuwa mkononi mwake. Aliigeuza picha, akashika kalamu ya wino, akaandika kwa kukandamiza: *Mimi na mwanangu.* Wala moyo haukumsuta. Alijiona mjanja.

Alipoigeuza tena, maandishi yalikuwa yametokeza usoni pa dada, kinyumenyume.

Paji la Karani likaanza kuwasha. Akajikuna. Vidole vikagusa mistari.

Kama vile mtu yumo ndani ya fuvu, anaandika. Anakandamiza.

Alijikokota hadi kwenye kioo. Herufi zilikuwa zimevimba juu ya nyusi, zimegeuka, na kwenye kioo zilisomeka vizuri kabisa. *Kesho.*

Binti alirudi alasiri, akamkuta sakafuni, mwili unaunguza.

"Niitie daktari," Karani alinong'ona.

Binti alipiga simu hospitalini kwake, kwa watu anaowajua kwa sauti. Akapokea mwanamke asiyemjua. Akasema neno moja, akakata. Binti akapiga tena. Na tena.

"Nani?" Karani aliuliza.

"Sijui, Mama. Anasema kesho."

Karani akafumba macho. Machozi yakamtoka. Binti alikimbia barabarani kutafuta gari. Aliporudi na dereva, mama yake alikuwa ameshakata roho, na paji lake lilikuwa laini, halina hata kovu.

Baada ya maziko, binti alilifungua sanduku aimalizie kazi ya marehemu. Picha ya kichanga ilikuwa juu kabisa. Aliigeuza. Maneno yalikuwa yaleyale, *Mimi na mwanangu*, ila wino haukuwepo. Yaliandikwa kwa penseli, taratibu, kwa mwandiko uliolalia kushoto. Katika ukoo mzima, kwa walio hai, hakuna aandikaye hivyo, isipokuwa binti mwenyewe.

Akapekua chini ya picha, akaiona penseli aliyomwachia mama yake. Ilikuwa bado haijachongwa.